Kengele ya Saa Saba

9 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. U hali gani? Na magoti yanasemaje, yamekubali kupanda zile ngazi za ghala au bado yamegoma? Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Cherehani inazunguka. Shemeji yako mchomelea vyuma bado anatoboa mashati kwa cheche, nami natia viraka, ndivyo tunavyoishi.

Kifurushi kimefika. Dada, wewe ni mtu wa ajabu. Fundi cherehani unamtumia gauni la dukani? Nilicheka peke yangu mpaka mteja akasogeza kiti. Lakini ni zuri, siwezi kusema uongo. Ile rangi ya maziwa, lesi shingoni, marinda matatu, na utepe wa kufunga kiunoni. Dakika alilivaa siku hiyohiyo, likamkaa kama aliyepimwa. Anasema asante Mama Mkubwa.

Ulimwona mara ya mwisho ana miaka minne, sasa ametimiza tisa. Jina la Dakika limemganda. Juzi baba yake alisema atarudi saa kumi na moja, akaingia saa kumi na moja na dakika tatu. Alisomewa mashtaka mlangoni kabla hajavua viatu.

Tuandikie habari za huko.

Mdogo wako, fundi

*

24 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya gunia la mchele, mara tatu. Magoti ni yaleyale. Asubuhi yananitukana, mchana tunapatana.

Sasa nisikilize. Ninastaafu. Miaka thelathini na mmoja jikoni, katika shule moja ya bweni, imetosha. Sherehe ya kuniaga ni Jumamosi tarehe 27 Juni, hapahapa kwenye bwalo la chakula. Mwenyekiti wa bodi atahutubia, na ukimjua huyo utajua kwamba siku itakuwa ndefu. Wameniuliza nani atanikabidhi maua mbele ya watu. Walimu wanasema mwanafunzi. Mimi nimesema hapana, ninaye wangu.

Mdogo wangu, wajua sikujaliwa mtoto wa kuzaa. Nimelisha watoto mia nne kila siku, jioni wote wanarudi mabwenini na mimi narudi chumbani kwangu. Nataka siku hiyo moja niwe na wangu wa kunijia mbele za watu. Ndiyo maana nikanunua gauni. Sikulinunua kwa kukudharau, nililinunua kwa hamu.

Mlete Dakika avae lile gauni. Usiniambie hapana.

Dada yako, mpishi

*

6 Mei

Dada mpendwa,

Salamu. Hongera sana kwa kustaafu, Mungu akupe miaka mingi ya kukaa na kupikiwa. Tumefurahi mno.

Ila nasikitika kwamba tarehe 27 Dakika atakuwa na mitihani. Unajua shule za siku hizi. Nitakuja mwenyewe kama kazi itaruhusu, au nitatuma salamu. Mwachie mwanafunzi akukabidhi maua, nao ni watoto wako.

Mteja ananisubiri, niishie hapa.

Mdogo wako

*

15 Mei

Mdogo wangu,

Mimi ni mpishi wa shule. Mitihani ya shule zote inakwisha tarehe 19 Juni, tena mimi ndiye ninayepika chakula cha kuimaliza.

Kama unaona aibu mwanao kusimama karibu na mwanamke anayenuka vitunguu, ungesema tu. Nimekulea wewe kwa vitunguu hivyohivyo.

Dada yako

*

25 Mei

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Sijui nianze na salamu au na machozi. Nianze na salamu. Natumaini u mzima, nami naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Sikuoni aibu. Mungu ni shahidi wangu. Nimekudanganya, na uongo wenyewe haukuanza na mitihani, ulianza na gauni. Dakika alilivaa kwa muda usiofika hata jina lake. Aliling'oa, akajiuma mkono, akaingia chini ya meza yangu ya kukatia, akakaa humo akinguruma kwa mdomo kama cherehani mpaka akatulia. Na hakusema asante. Alisema, "Linauma."

Mwaka jana tulimpeleka kliniki. Daktari alikaa naye siku tatu tofauti, ndipo akatuambia mtoto ana usonji. Akatueleza kwamba si ugonjwa wa kuambukiza wala laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ndivyo alivyoumbwa. Sauti, mwanga, nguo na kuguswa vinamfikia kwa nguvu kuliko vinavyotufikia sisi, na mambo yakibadilika ghafla anapotea njia. Nilitoka pale nikiwa na uzito na wepesi kwa pamoja.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ya siku ile ulipombeba ana miaka minne, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Ukaniambia, "Mtoto huyu umemdekeza." Ulisema na kusahau. Mimi nililibeba neno hilo miaka mitano.

Lakini nikupe na kichekesho, maana nisipocheka nawe nitacheka na nani. Wajua ninavyojisifu kwa kola zangu. Kola ya fundi huyu inasimama hata ukiitupa chini. Nilimshonea Dakika sare ya shule, akaikata kola kwa mkasi. Nikashona ya pili, akaikata. Ya tatu nikaitia kitambaa kigumu ndani ili ishinde mkasi. Akaenda nayo shuleni, akaivua mbele ya darasa zima. Nikaitwa. Nikalia njia nzima nikisema, huyu mtoto ananidharau, anachana kazi ya mikono yangu.

Kule kliniki kuna mwalimu mmoja, mama mpole, anapenda sana chai. Aliniambia, "Usiandike alichofanya peke yake. Andika kilichotokea kabla." Nikachukua daftari langu la vipimo, nyuma ya kurasa za viuno na mabega ya watu, nikaandika. Jumatatu, sare mpya, kelele. Jumanne, gauni kuukuu la nyumbani, kimya, ameimba. Jumatano, sare, kelele. Dada, wiki mbili nzima. Siku moja nikaichukua ile sare, nikaigeuza, nikaupitisha mshono wa ndani shingoni mwangu. Uzi unachoma. Lebo yenye jina langu inakwaruza kama kucha. Miaka ishirini na miwili nashonea watu, sikuwahi hata mara moja kuipapasa nguo yangu kwa upande anaoujua anayeivaa.

Kila siku nilikuwa naomba Mungu ambadilishe mtoto. Usiku ule, sikuwahi kuomba hivyo kabla, nikaomba anifundishe kumsoma.

Nikashona sare ya nne kinyume. Mishono yote nje, ndani laini kama ganda la yai, kola hakuna, lebo hakuna. Aliivaa kutwa. Mwalimu mkuu akaitazama, akanitazama, akasema, "Mama, kumbe umeshona ukiwa na usingizi." Nikamweleza, akakubali.

Sasa unajua. Nilichoogopa ni kumleta mbele ya watu mia nne wapige makofi, naye azibe masikio alie, na wewe siku yako iharibike, useme tena lile neno. Nisamehe.

Mdogo wako

*

3 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa kama ulivyoniomba. Kisha nikasimama, nikaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Lile neno nalikumbuka. Sikulisahau kama unavyodhani, niliona aibu kulirudia. Mtoto alinilia kifuani, nikadhani ananikataa mimi, basi nikatafuta wa kumlaumu, ukawa karibu. Nakuomba radhi, tena kwa maandishi, ulihifadhi.

Na nikuungamie langu. Miaka yote hii, kila mwaka jikoni kwangu hupita mtoto mmoja wa namna hiyo. Anatoa vipande vya kitunguu kimoja kimoja. Anakula wali mkavu, mchuzi ukigusa tu, sahani nzima imekufa. Nilikuwa nawaita waliodekezwa. Nilikuwa nawamwagia mchuzi makusudi wazoee. Leo asubuhi nimewaza nyuso zao, chai ikanipoa mkononi.

Basi mlete. Namtaka kama alivyo. Avae kinyume, avae gunia, avae shati la baba yake lenye matundu. Wewe niambie cha kufanya, nami nitafuata kama ninavyofuata vipimo vya chumvi. Anapenda maua? Makofi nizuie? Anakula nini? Niruhusiwe kumkumbatia au nikae mbali kama mgeni?

Dada yako, mpishi aliyenyooshwa

*

10 Juni

Dada mpendwa,

Nimeimba leo dukani. Mteja yuleyule amesogeza kiti tena.

Maua hapana, harufu yake inampa kichefuchefu. Atakupa kitu kingine, hataki niseme. Makofi ukiweza wazuie, wapunge mikono tu. Baba yake amepata kazini vile vifuniko vya masikio wanavyovaa wakikata vyuma, nitavibeba. Sahani nyeupe, viazi vya kuchemsha upande huu, nyama upande ule, pasiwe na kugusana. Usimkumbatie, dada yangu. Kaa karibu, ongea kidogo, mwache akujie. Asipokutazama usoni usidhani hakusikii. Akinguruma kama cherehani ujue anajituliza, usimkataze.

Kubwa kuliko yote ni saa. Mtu akimwambia jambo litakuwa saa fulani, kwake hilo limeshakuwa. Ukiweza, mwandikie ratiba ya siku nzima, ataisoma kila asubuhi mpaka siku ifike. Ila uandike kile tu ambacho kitatokea kweli.

Gauni lako nimelifumua lote. Nalishona upya, kinyume. Lesi nimeipeleka kwenye pindo, mbali na shingo.

Mdogo wako

*

17 Juni

Kwa Dakika,

Mimi ni Mama Mkubwa wako. Hii ni ratiba ya Jumamosi tarehe 27.

Saa nne na nusu utafika kwa basi. Saa tano kamili nitakuonyesha jiko na kengele. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni mwa bwalo, nami huigonga kwa nyundo. Inalia kwa nguvu. Saa tano na nusu watu wataketi na kuongea. Wataongea sana. Saa saba kamili kengele itagongwa mara sita na watu wote watakula. Kengele hii haijawahi kuchelewa hata siku moja kwa miaka thelathini na mmoja. Saa nane na nusu utarudi nyumbani.

Sitakukumbatia.

Mama Mkubwa

*

28 Juni

Dada yangu,

Sina uso wa kukuandikia, lakini mkono ninao.

Nilitoka nje kutafuta vile vifuniko vya masikio kwenye mfuko niliouacha jikoni kwako. Nilimwacha Dakika ameketi mstari wa mbele, ametulia, karatasi yako ya ratiba mapajani. Nikasema nafsini, asante Mungu, imepita salama. Mara nikasikia chuma kinalia. Nilipofika mlangoni ameshika nyundo kwa mikono miwili, mwenyekiti wa bodi amesimama jukwaani na karatasi zake, na watoto mia nne wananipita mbio kuelekea kwenye masufuria. Hotuba ya kukuaga ikafia hapo. Sikuthubutu kukutazama. Nilimchukua, tukapanda basi la saa nane, wala hakukupa kitu alichokuletea. Alilia njia nzima kwamba ratiba inasema saa nane na nusu.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Ilikuwa saa saba."

Miaka thelathini na mmoja, dada, na mimi nimekuharibia saa yako ya mwisho. Usiponijibu nitaelewa.

Mdogo wako

*

4 Julai

Wewe mtu,

Umeniacha na sahani nyeupe mkononi. Viazi huku, nyama kule, katikati njia ya kupita basi. Nimezunguka bwalo zima nikiuliza, "Mmemwona wangu?" kama mwendawazimu. Hilo ndilo kosa lako, na ni hilo tu.

Sasa nikusimulie, maana ulikuwa ndani ya mfuko. Mwenyekiti alikuwa na kurasa tisa, nilizihesabu alipozitoa. Saa saba kasoro dakika tano alikuwa ukurasa wa nne, bado anaeleza jinsi shule ilivyopata choo kipya. Nyama yangu inakauka jikoni. Miguu inaniwasha kutaka kuinuka, lakini nimeketishwa jukwaani kwenye kiti cha heshima, nimefungwa utepe kama keki. Nikamtazama Dakika. Yeye anatazama saa ya ukutani. Anatazama karatasi, anatazama saa. Anaanza kunguruma, taratibu, nikajua anaumia. Maana aliyeandika karatasi ile ni mimi, na mimi ndiye nimekaa.

Akageuka akanitazama. Mimi, usoni, kwa mara ya kwanza. Akanyoosha kidole kwenye saa.

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Umesikia? Mimi ndiye niliyemruhusu. Sikulisema siku ile kwa sababu ulikimbia kabla sijashuka jukwaani.

Aliinuka bila haraka, gauni lake la kinyume limemkaa vizuri, akatembea mpaka mlangoni, akashika nyundo. Aligonga sita, akihesabu kwa sauti. Nilidhani atalia kwa kelele ile. Wapi. Kelele aliyoipanga mwenyewe haikumtisha. Na wale watoto wangu, nimewafundisha miaka yote kwamba reli ikilia hakuna kuuliza, waliinuka kama mtu mmoja. Mwenyekiti akabaki na choo chake kipya. Akakunja karatasi, akaniambia, "Mama mpishi, nimewahi kukatizwa na waheshimiwa, lakini sijawahi kukatizwa na nyama." Alikula sahani mbili.

Mwalimu mmoja akaninong'oneza, "Yule mtoto amevalishwa nguo kinyume." Nikamwambia wewe ndiye uliyevaa kinyume, mishono inakuchoma hata hujijui.

Nilikuambia nataka wangu wa kunijia mbele za watu. Alikuja. Katika bwalo lile lote aliyeshika ahadi yangu nilipokuwa nimefungwa kitini ni yeye peke yake. Hata siku ya mwisho kengele yangu haikuchelewa. Waliniuliza nataka zawadi gani, nikasema nyundo. Ninayo hapa juu ya kabati.

Ninakuja kwenu. Sasa sina jiko la kunizuia. Jumamosi tarehe 25, basi linafika saa nne na dakika ishirini, nimemuuliza kondakta mara mbili ili nisije nikasomewa mashtaka mlangoni. Mwambie Dakika aniandikie ratiba yeye, mimi nitaifuata.

Dada yako, mstaafu

*

12 Julai

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini umeamka mzima. Barua yako nilimsomea mchomelea vyuma, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilicheka, kisha nikaingia chumbani nikapiga magoti, nikakaa hapo kwa muda bila kuomba chochote.

Dakika nilimweleza kwamba Mama Mkubwa alikubali kwa kichwa. Akasema, "Najua." Dada, alijua tangu kwenye basi. Mimi ndiye sikumuuliza swali sahihi.

Ratiba ameandika. Nainakili kama ilivyo, sijagusa hata herufi:

"Saa nne na dakika ishirini, Mama Mkubwa anashuka. Saa nne na dakika ishirini na tano, kushikana mkono, mara moja. Saa nne na nusu, chai, hakuna kelele. Saa tano kamili, kukaa chini ya meza ya kukatia. Watu ni wawili, mimi na Mama Mkubwa. Hapo nitampa kitu chake. Saa sita kasoro robo, tunatoka."

Chini ya meza ile, dada, hajawahi kumwalika mtu. Baba yake hajaalikwa, wala mimi niliyeinunua meza. Na kitu chako nimekiona, ananiruhusu kukutajia. Ni saa ndogo ya mkononi aliyopewa na baba yake, ameitoa mkanda na kuishonea utepe laini, mishono yote iko nje. Kashona mwenyewe.

Nimepima kwa futi yangu ya kitambaa. Kutoka sakafuni mpaka chini ya ubao ni sentimita sabini na tano. Nitatandika mto. Lakini yeye anataka uhakika kwa maandishi kwamba magoti yako yataingia, na yatakaa dakika arobaini na tano bila kutoka kabla ya wakati. Ameandika nafasi ya jibu kwenye ratiba na kuiacha tupu, kila asubuhi anaitazama.

Tafadhali tujibu upesi.

Mdogo wako, fundi